Marais wa Marekani na Ufunguo wa Hazina

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika ukumbi wa tawi, Jumapili alasiri. Twaichapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Jumapili mbili zilizopita, hapa hapa ukumbini, palitokea mabishano ambayo nusura yavunje mkutano. Kijana mmoja alikuja na karatasi yenye safu za tarakimu. Marais wa Marekani walikuwa wamepangwa humo kama timu za mpira katika ligi: huyu ameongeza kazi kadha wa kadha, yule amepandisha bei, huyu kaacha deni, yule kaacha akiba. Mzee mmoja, ambaye simtaji jina maana yupo mbele yangu (kicheko), akasema karatasi hiyo yathibitisha kwamba Wademokrati ndio marafiki wa maskini. Mwingine akasema hapana, aliyeiokoa Marekani ni Reagan. Wa tatu akasimama akasema wote hao ni wapuuzi, maana serikali yao hufungwa milango kwa ugomvi wa vyama, na kwamba dawa ni nchi kuwa na chama kimoja tu. Hapo makofi yakawa mengi kuliko yalivyostahili, na Mwenyekiti akaniagiza nikatafute habari nije nizungumze. Basi nimekuja.

Nianze na ile karatasi. Tarakimu zake nyingi ni za kweli. Ubaya wake ni kwamba ina safu ya jina la Rais, wala haina safu ya nani aliyeshika ufunguo wa sanduku.

Ninyi wakulima mnajua chama cha ushirika. Bei ya pamba ikianguka, wakulima humwendea nani? Humwendea katibu, kwa kuwa ndiye aliye ofisini na jina lake ndilo wanalolijua. Lakini sanduku la fedha lina funguo, na funguo ziko kwa wajumbe wa kamati. Tena bei yenyewe imepangwa katika masoko ya ng'ambo ambako hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga. Katibu atatukanwa msimu wa bei mbaya, atabebwa mabegani msimu wa bei nzuri, na mara zote mbili huenda hakufanya lolote. Rais wa Marekani ni katibu wa namna hiyo. Ni katibu mwenye nguvu nyingi, lakini ni katibu.

Katiba yao ya mwaka 1787 iliweka fedha mikononi mwa Kongresi. Rais hawezi kutoza kodi wala kutumia senti moja bila sheria. Kongresi nayo ni vyumba viwili. Kuna Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 435 wanaochaguliwa kila miaka miwili; na kuna Seneti yenye watu 100, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa liwe dogo, nao hukaa miaka sita. Mswada hauwi sheria mpaka upite vyumba vyote viwili, kisha Rais autie sahihi. Rais akiukataa, zatakiwa theluthi mbili za kila chumba kumshinda. Juu ya hayo iko Benki Kuu yao, ambayo hupanga riba bila kupokea amri ya Rais, ingawa wako marais waliojaribu kuisukuma.

Kwa hiyo mnaposikia kwamba Rais fulani "alileta" kazi milioni kadhaa, ulizeni kwanza alipewa nini na wenye ufunguo.

Nitachukua mfano wa Reagan, kwa kuwa ndiye aliyetugombanisha. Mwaka 1979 Rais alikuwa Jimmy Carter, Mdemokrati, na maisha yalikuwa ghali kupita kiasi. Mwezi Agosti mwaka ule Carter alimweka Paul Volcker kuwa mkuu wa Benki Kuu. Volcker alipandisha riba bila huruma. Mwaka 1980 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 13.5, na Carter akaenda kwenye kura akiwa amebeba bei hizo kichwani, akashindwa. Akaingia Ronald Reagan, Mrepublikani. Riba ya Volcker ikazidi kukaza. Mwaka 1981 ile riba ya mabenki kukopeshana ikafika karibu asilimia 19. Viwanda vikafunga, na mwishoni mwa mwaka 1982 watu wasio na kazi walikuwa asilimia 10.8. Katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo chama cha Reagan kilipoteza viti 26 katika Baraza la Wawakilishi. Kisha dawa ikafanya kazi: mwaka 1983 bei zilipanda kwa asilimia 3.2 tu, riba ikashushwa, kazi zikarudi, na mwaka 1984 Reagan akashinda majimbo 49 kati ya 50.

Sasa nawauliza: rekodi hiyo ni ya nani? Aliyemteua daktari alifukuzwa. Aliyevumilia uchungu wa dawa, na ambaye kweli alimwacha daktari aendelee na hata mwaka 1983 akamteua tena, akavikwa taji. Daktari mwenyewe hakupigiwa kura na mtu. Nasi wa nchi maskini tulikuwa wapi? Riba ile ile ndiyo iliyoyafanya madeni ya nchi nyingi yasilipike, hata Mexico ikatangaza mwezi Agosti 1982 kwamba haiwezi kulipa. Uchungu wa dawa ile haukuandikwa katika karatasi ya Carter wala ya Reagan. Uliandikwa kwetu.

Nisisahau kwamba deni la serikali ya Marekani liliongezeka karibu mara tatu katika miaka minane ya Reagan. Wademokrati husema ni kwa sababu alipunguza kodi na kununua silaha. Warepublikani hujibu kwamba Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Wademokrati miaka yote minane, na kila bajeti ilipita humo. Wote wawili wasema kweli, na hapo ndipo penye utamu kwao: kila mmoja ana nusu ya ukweli ya kumrushia mwenzake.

Mfano wa pili wanihuzunisha zaidi. George Bush, yule mzee, aliahidi mwaka 1988 mbele ya taifa zima kwamba hataongeza kodi. Akashinda. Mwaka 1990 akaona hazina inavuja, na Kongresi ilikuwa ya Wademokrati. Angeweza kukaa kimya akawalaumu hao mpaka uchaguzi. Hakufanya hivyo. Alikaa nao mezani, wakapatana kupunguza matumizi na kupandisha kodi. Chama chake mwenyewe hakikumsamehe. Uchumi ulikuwa umedorora tangu Julai 1990, ukaanza kuinuka Machi 1991. Lakini wataalamu wanaoweka tarehe za mambo hayo walikuja kutangaza kwamba ulikwisha inuka mwezi Desemba 1992. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Novemba. (Kicheko.) Msicheke, ndugu zangu, mtu alikwisha poteza kazi yake.

Akaingia Clinton. Mwaka 1993 naye akaleta bajeti ya kupandisha kodi za matajiri ili kuziba pengo lile lile. Hakuna Mrepublikani hata mmoja aliyeipigia kura. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa kura 218 dhidi ya 216. Katika Seneti kura zikalingana, ikabidi Makamu wa Rais, Al Gore, aongeze yake. Mmoja wa wajumbe walioivusha alikuwa Bibi Marjorie Margolies-Mezvinsky wa Pennsylvania, aliyetoka jimbo lisilopenda kodi. Alipopiga kura ya ndiyo, wapinzani wake walimpungia mikono ya kwaheri humo humo barazani. Nao hawakukosea, maana mwaka 1994 akapoteza kiti. Wademokrati wakapoteza Baraza zima waliloshika kwa miaka 40.

Kisha, kuanzia mwaka 1998 hadi 2001, hazina ya Marekani ikawa na ziada, miaka minne mfululizo. Katika karatasi yetu ziada hiyo iko chini ya jina la Clinton. Warepublikani husema ni yetu, sisi ndio tuliokuwa na Kongresi. Na biashara za kompyuta zilikuwa zikistawi wakati huo, zikileta kodi ambazo hakuna mwanasiasa aliyezitabiri. Lakini Bush mzee na yule Bibi wa Pennsylvania, waliolipa kwa viti vyao, hawamo katika safu yoyote.

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Ikiwa sifa na lawama zote za uchumi humwendea mtu mmoja aliye White House, na ikiwa chama pinzani kina ufunguo mmojawapo wa sanduku, basi faida ya chama pinzani ni nini? Ni kuzuia. Mambo yakienda vibaya, Rais ndiye atakayelaumiwa, nao watashinda. Mambo yakienda vizuri kwa msaada wao, Rais ndiye atakayesifiwa, nao watabaki nje. Hesabu ni rahisi mno, mtoto wa darasa la tatu aiweza.

Wasemao kwamba ugomvi huu ni jambo jipya wamesahau mengi. Mwaka 1948 Rais Truman, Mdemokrati, alikuwa na Kongresi ya Warepublikani. Akawaita warudi kazini kiangazi, wapitishe nyumba na mengineyo waliyoyaahidi katika ilani yao wenyewe. Hawakupitisha la maana. Akazunguka nchi nzima kwa garimoshi akiwaambia watu ni Kongresi isiyofanya kitu, na mwezi Novemba akashinda wakati magazeti yalimwona ameshindwa. Truman aliwaonyesha wapiga kura ufunguo uko kwa nani. Marais wachache wamefanikiwa kufanya hivyo tangu siku hizo.

Na Seneti ina desturi yake, ambayo lazima niieleze. Humo mtu aliweza kusimama akahutubia bila kukoma ili mswada usipigiwe kura. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alisema kwa zaidi ya saa 24 kuuzuia mswada wa haki za watu weusi. Mswada ulipita hata hivyo, lakini ulikuwa umekwisha punguzwa makali. Mwaka 1964 wakubwa wa kusini wakauzuia mwingine kwa siku kama 60 za kazi, mpaka tarehe 10 Juni kura 71 dhidi ya 29 zikawanyamazisha. Angalieni kura hizo 71: zilitoka vyama vyote viwili, tena Warepublikani walikuwa na sehemu kubwa. Tangu 1975 zatosha kura 60. Lakini siku hizi hakuna haja ya kusimama wala kukauka koo. Yatosha kutoa taarifa tu kwamba utauzuia mswada, nao unakwama mpaka zipatikane 60. Uzuiaji umekuwa kazi ya bei rahisi.

Obama aliapishwa Januari 2009, mwezi ambao Wamarekani karibu laki nane walipoteza kazi. Mwezi uliofuata akatia sahihi sheria ya dola bilioni 787 ya kuinua uchumi. Katika Baraza la Wawakilishi hakupata kura hata moja ya Warepublikani. Katika Seneti alipata tatu. Oktoba mwaka ule watu wasio na kazi wakafika asilimia 10, na mwaka 2010 chama chake kikapoteza viti 63. Kabla ya uchaguzi ule kiongozi wa Warepublikani katika Seneti, Mitch McConnell, alisema wazi kwamba shabaha yao kubwa ni Obama asipate kipindi cha pili. Wengi walimlaumu kwa ukali wa maneno. Mimi namshukuru kwa kusema kweli. Obama alipata kipindi cha pili hata hivyo, na alipoondoka Januari 2017 wasio na kazi walikuwa asilimia 4.7. Trump akaanzia hapo, akafika 3.5 mapema mwaka 2020, kisha ugonjwa wa Korona ukaja na kuzipandisha zikapita 14 ndani ya miezi miwili. Biden naye akapata kazi nyingi, lakini Juni 2022 bei zilipanda kwa asilimia 9.1, na hicho ndicho kilichokumbukwa kwenye kura ya 2024, ingawa bei zilipanda pia Ulaya na kwetu, ambako Biden hakuwa Rais.

Wako maprofesa wawili wa Princeton, Alan Blinder na Mark Watson, waliolichunguza jambo hili kwa makini, kazi yao ikachapwa mwaka 2016. Walianza na Truman wakaishia kipindi cha kwanza cha Obama. Wakakuta kwamba uchumi ulikua haraka zaidi chini ya marais Wademokrati, kwa tofauti ya asilimia 1.8 kila mwaka, nayo si ndogo. Kati ya robo-mwaka 49 za uchumi kudorora, 41 zilikuwa chini ya Warepublikani. Hapo mzee wetu atafurahi. (Makofi na kicheko.) Ngoja kidogo, mzee wangu. Wakatafuta sababu. Hawakuiona katika bajeti, wala katika riba ya Benki Kuu. Sehemu kubwa waliyoweza kuieleza ilitokana na bei ya mafuta, na kazi za viwandani kuleta tija zaidi, na hali ya nchi za nje. Blinder aliwahi kuwa mshauri wa Clinton. Kama kuna mtu aliyekuwa na hamu ya kukuta jibu jingine, ni yeye. Aliandika alichokikuta.

Sasa yule aliyesema dawa ni chama kimoja. Ndugu yangu, wazo hilo halikuanzia kwako. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya demokrasia na mfumo wa vyama, akafananisha siasa za vyama viwili na mchezo wa mpira. Alikuwa na haki ya kuuona mchezo huo. Tanzania ilijaribu dawa hiyo kisheria tangu 1965, na mwaka 1992 nchi ikarudi kwenye vyama vingi. Waliokuwako wanaweza kutueleza wenyewe. Mimi nabaki Marekani. Oktoba 2025 Warepublikani walikuwa na Rais, na Baraza, na Seneti kwa viti 53. Hata hivyo serikali ilifungwa tangu tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, siku 43, ikapita ile ya siku 35 ya mwaka 2018 na 2019, kwa kuwa zilihitajika kura 60 na Wademokrati walizinyima kwa ajili ya ruzuku za bima ya matibabu. Waongoza ndege walifanya kazi bila mshahara, na mwezi Novemba posho ya chakula ya mamilioni ya maskini ikakatizwa. Ni aibu, sikatai.

Lakini tazameni Rais anapochoka kungoja na kuamua kwenda peke yake. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha kwa amri yake misaada ya nje, fedha ambazo Kongresi ilikwisha zipitisha. Shirika la USAID, lililoanzishwa wakati wa Kennedy mwaka 1961, likavunjwa katika miezi michache. Hapakuwa na mjadala wa saa 24, wala kura 60. Zahanati za Kenya, Uganda na Tanzania zilizotegemea fedha hizo kwa wagonjwa wa Ukimwi ziliona wahudumu wakiachishwa kazi kabla wajumbe wa Kongresi hawajamaliza kuuliza maswali. Mkwamo ule wa vyama, mnaoucheka, ndio uliomfundisha Rais kutawala kwa kalamu, na aliye mbali na asiye na kura ndiye wa kwanza kuipata ncha yake. Mkimwondolea na wachache wanaomzuia, mtamwendea nani?

Wala si kweli kwamba hawawezi kupatana. Mwaka 1983, katikati ya mabishano yao yote, Reagan na Spika Tip O'Neill, Mdemokrati, walipatana kuunusuru mfuko wa pensheni za wazee. Kila upande ulikubali jambo uliloapa kutolikubali. Hakuna aliyeshangiliwa barabarani kwa hilo, na wazee wa Marekani wameendelea kulipwa.

Ndugu Mwenyekiti, ile karatasi ya kijana wetu nimekuja nayo. Naona alifanya kazi nzuri, wala haifai kutupwa. Nimeiongezea safu tatu kwa kalamu nyekundu: nani alikuwa na Baraza la Wawakilishi, nani alikuwa na Seneti, na bei ya pipa la mafuta mwaka ule. Safu mbili za kwanza nimezimaliza. Ya mafuta nimeifikisha mwaka 1973, na kijana mwenyewe ameahidi kuimalizia. Iko mezani kwa Katibu, atakaye kuinakili aje. Sasa niko tayari kwa maswali, na naona mzee wangu amekwisha inua mkono.